Kabla hujafika geti la hospitali ya mkoa

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu hospitali za rufaa za mikoa: Kitete ya Tabora, Bombo ya Tanga, Sokoine ya Lindi, Maweni ya Kigoma na nyinginezo. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa msomaji wa mkoa wowote wa Tanzania Bara, na tumezifupisha.

Shikamooni. Mwanangu wa miaka miwili alichemka usiku kucha. Kulipokucha nikapanda bodaboda, nikaipita zahanati ya kijijini, nikaenda moja kwa moja hospitali ya mkoa. Tulionwa saa 9 alasiri. Akapimwa malaria, akapewa vidonge, tukarudi. Je, nilikosea? Na ukienda bila barua ya rufaa unarudishwa?
*Mama wa watoto watatu, Uyui*

Marahaba, mama. Kwa homa ya namna hiyo, zahanati ingekuwa imemaliza kumhudumia mtoto kabla ya saa 4 asubuhi. Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone moja la damu ya kidole, na jibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Ikiwa ni malaria isiyo kali, dawa ni ALu, dozi 6 kwa siku 3: ya kwanza palepale, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Ameze akiwa amekula kitu chenye mafuta kidogo au amekunywa maziwa, maana bila mafuta dawa haifyonzwi vizuri. Vidonge ulivyofuata mjini vipo kwenye zahanati uliyoipita.

Hospitali ya mkoa imewekwa kwa ajili ya wale walioshindikana chini yake: zahanati, kituo cha afya, kisha hospitali ya halmashauri. Juu ya mkoa kuna hospitali za kanda kama Bugando, KCMC na ile ya Mbeya, halafu Muhimbili. Kila homa ndogo inayoketi kwenye benchi la mkoa inakula dakika za daktari bingwa ambaye huenda anasubiriwa na mtoto wa Sikonge mwenye degedege.

Kuhusu barua: kwa dharura hutakiwi kuwa nayo, na hakuna mwenye haki ya kukurudisha. Kwa ugonjwa usio wa dharura unaweza kuonwa, lakini kama unategemea bima, bila rufaa unaweza kujikuta unalipa mfukoni, kwa kuwa bima nyingine hukufikisha mkoani kwa kupitia ngazi za chini.

Dalili nne hazisubiri foleni wala kupambazuka: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki anapoitwa. Hata hapo, kama zahanati iko njiani, simama. Mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye malaria kali anaweza kuwekewa dawa ya artesunati kwa njia ya haja kubwa, ikaanza kufanya kazi mkiwa barabarani. Hapa ndipo panapotokea kosa linaloua. Baada ya saa chache homa inashuka, mtoto anafumbua macho, mama anaona amepona na kugeuza njia kurudi nyumbani. Dawa hiyo imepunguza vimelea tu, haijavimaliza. Akirudi nyumbani malaria itarudi, na safari hii akiwa hana damu. Safari ya hospitali lazima ikamilike, na huko atachomwa sindano kisha kumalizia na ALu.

Nilifika dharura saa 1 na nusu asubuhi, mkono umevunjika. Saa 3 akaletwa kijana kwa bajaji, akaingizwa kabla yangu. Hapo si kujuana?
*Fundi ujenzi, Singida*

Hapana. Idara ya dharura haifuati nani kafika kwanza. Muuguzi wa mapokezi anaangalia njia ya hewa, kupumua, mapigo ya moyo na fahamu, kisha anakuweka kwenye rangi: nyekundu huingia papo hapo, njano husubiri kwa muda mfupi, kijani hukaa. Mkono uliovunjika bila jeraha la wazi, mwenyewe ukiongea vizuri, mara nyingi si nyekundu.

Ila rangi hubadilika. Kama vidole vya mkono huo vimekuwa vya baridi, vimefa ganzi, vimegeuka rangi au maumivu yamezidi baada ya kufungwa, usiendelee kukaa kwa adabu. Nenda kwa muuguzi yuleyule, mwambie hivyo hivyo. Damu haifiki vidoleni, na hilo linakutoa kwenye kijani.

Mke wangu alijifungua mapacha kwa upasuaji, akapoteza damu nyingi, akaongezewa chupa 2. Kesho yake nikaambiwa nilete ndugu wa kuchangia. Kama damu haiuzwi, mbona nadaiwa? Nami nilitoa yangu siku ileile, kwa nini hawakumpa yeye?
*Baba mapacha, Korogwe*

Hongera kwa mapacha, na pole kwa mama. Damu haiuzwi. Akikutokea mtu anayetaka fedha kwa ajili ya chupa ya damu, huyo anatenda kosa, na tutaeleza chini pa kumripoti. Kuombwa ndugu ni jambo jingine: chupa 2 zimetoka kwenye jokofu la akiba, na usiku huohuo anaweza kuja mama mwingine anayevuja. Unaombwa ujaze ulipotoa. Ndugu wasipotokea, mgonjwa hanyimwi damu kwa sababu hiyo.

Damu yako haikuweza kumfikia mkeo siku ileile kwa sababu haitoki mkononi ikaingia kwa mgonjwa. Baada ya kuchukuliwa, kiasi cha mililita 450, inapimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, na kundi lake linathibitishwa. Mara nyingi sampuli husafirishwa hadi kituo cha kanda cha damu salama, na mfuko unabaki umefungiwa mpaka majibu yarudi. Yakishakuja, kila chupa bado inaoanishwa na damu ya mgonjwa mwenyewe maabara, kuona kama zitapatana. Kwa hiyo damu iliyomwokoa mkeo ilitolewa siku nyingi kabla, na mtu asiyemjua.

Na haiwekwi milele. Damu kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 hudumu siku 35. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, hudumu siku 5 tu. Akiba ya mkoa inataka watu wanaokuja mwezi hadi mwezi. Umati unaokuja siku moja ya maadhimisho kisha ukapotea hauwezi kuitunza. Wachangiaji wakubwa wa nchi hii ni wanafunzi wa sekondari, na shule zinapofungwa Juni na Desemba majokofu huanza kuwa matupu. Juni ndio mbaya zaidi, kwa sababu masika yakiisha malaria kali hupanda na watoto wanaletwa wakiwa weupe viganja. Mtoto wa kilo 10 anahitaji karibu mililita 200 za damu nzima, chini ya nusu ya chupa moja. Nusu hiyo ikikosekana saa 8 usiku, hakuna dawa ya kuiziba.

Tunashauri jambo ambalo kikundi chochote cha msikitini, kanisani, jogging au VICOBA kinaweza kulifanya. Mkiwa watu 12, msiende wote siku moja. Gawanyikeni watatu watatu, kila kundi na mwezi wake. Duru itarudi baada ya miezi 4, muda unaowatosha wanawake. Wanaume wanaruhusiwa kila miezi 3. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na wekundu wa damu usiopungua gramu 12.5 kwa desilita. Asiwe mjamzito, asiwe ananyonyesha, asiwe na homa. Ale kabla ya kwenda, anywe maji ya kutosha, na akimaliza akae robo saa akinywa soda au juisi. Wengi wanaoanguka ni wale waliokuja na njaa wakasimama ghafla. Siku hiyo mkono uliotoa damu usibebe ndoo wala gunia.

Jambo moja zito. Usichangie damu kwa nia ya kujua kama una maambukizi. Siku za mwanzo za maambukizi kipimo huweza kutoyaona, na damu yako ikapita. Ukitaka kupima, kipimo cha VVU ni bure na kiko zahanati yako. Jibu fomu ya maswali ya mchangiaji kwa ukweli wote.

Nawe unayeuguza: muuguzi akija kuchukua sampuli au kutundika damu na kuuliza "Wewe ndiye fulani?", usitikise kichwa. Mgonjwa ataje majina yake yote matatu, au ndugu amtajie. Kwenye wodi yenye kina Mwanaidi wawili, ajali kubwa ya damu hutokana na sampuli kupewa jina la kitanda cha pili, wala haianzii maabara. Chupa ikishatoka jokofuni inatakiwa ianze kutiririka ndani ya nusu saa na iishe kabla ya saa 4 kupita. Mgonjwa akihisi baridi, kuwashwa, kubanwa kifua au maumivu ya kiuno dakika za mwanzo, itana muuguzi hapohapo afunge mrija.

Nina mimba ya miezi 7. Mtoto wa kwanza nilimpata kwa upasuaji. Mkunga wa zahanati yetu amekataa kunizalisha, anasema niende hospitali. Lazima iwe ya mkoa? Nakaa mbali.
*Mjamzito, Manyoni*

Mkunga wako amefanya sawa, mshukuru. Kovu la upasuaji linaweza kuachia wakati wa uchungu, na likiachia, wewe na mtoto mna dakika, hamna saa. Unahitaji mahali penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana, mtaalamu wa usingizi na damu. Hapo si lazima pawe mkoani. Hospitali ya wilaya inatosha, na vituo vya afya kadhaa sasa vinafanya upasuaji.

Mkoa unakuhusu kama una makovu mawili au zaidi, presha imepanda sana, mtoto anaelekea kuzaliwa kabla ya wiki 34, au kondo la nyuma limekaa chini juu ya kovu. Hili la mwisho muulize anayekupiga ultrasaundi kwa maneno hayo hayo: "Kondo liko wapi, limelala juu ya kovu?" Kondo linaweza kuota mizizi ndani ya kovu, likakataa kutoka, na damu inayomwagika hapo huhitaji timu ya mabingwa.

Kwa kuwa unakaa mbali, sogea mapema, kuanzia wiki ya 36. Uliza kama hospitali ina nyumba ya wajawazito kusubiria, ile ambayo baadhi ya sehemu za kwetu huitwa chigonella. Nenda na kadi ya kliniki, vitenge, kofia na soksi za mtoto, na mtu mmoja anayeweza kuchangia damu. Uchungu ukikuta bado kijijini, au ukiona damu, maji yakitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, piga 115. Hiyo ni namba ya m-mama, haina gharama, na hutuma gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Usianze kwa kutafuta nauli.

Kwa ndugu wanaomsindikiza mama mwenye kifafa cha mimba: kabla ya kuondoka, zahanati au kituo humchoma magnesiamu salfeti, gramu 4 taratibu kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Hakikisheni karatasi ya rufaa imeandikwa dozi na saa aliyochomwa. Dozi zinazofuata hutolewa kila baada ya saa 4, na daktari wa mkoani asiyejua ya kwanza ilitolewa lini ana hatari mbili mbele yake. Akirudia mapema, dawa inaweza kuzuia pumzi. Akichelewa, degedege linarudi. Karatasi isiyo na saa ndiyo kasoro ya rufaa inayosumbua zaidi kuliko zote, na mwanafamilia aliyesoma hadi darasa la saba anaweza kuizuia.

Mtoto akizaliwa njiti huko chini na kupelekwa mkoani, asafiri amevuliwa nguo, amebaki na nepi, kofia na soksi, amewekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote kitenge. Mama akiwa hawezi, baba au bibi aweke kifuani mwake. Mtoto wa kilo 1 na nusu aliyefungwa blanketi peke yake kwenye kiti cha gari hufika wa baridi, na mtoto wa baridi hushusha sukari na kusahau kupumua.

Baba ana miaka 68, ni mvuvi, hana bima. Amepewa rufaa kwenda mkoani kwa ajili ya ngiri. Tunasikia wazee ni bure, wengine wanasema si kweli.
*Kijana wake, Kilwa*

Msamaha ni kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Umri peke yake hautoshi, hali yake lazima itambuliwe. Kama tayari ana kitambulisho cha matibabu bure cha wazee kutoka halmashauri, kazi imekwisha. Kama hana, chukueni barua ya mtendaji wa kijiji inayotaja umri wake, kazi yake na kwamba hana uwezo, yenye mhuri, pamoja na kitambulisho cha NIDA au cha mpigakura. Barua hiyo mwende nayo mkononi. Kuifuata baadaye mkiwa Lindi ni siku nzima imepotea.

Mkifika, ofisi ya kwanza baada ya kuandikishwa iwe ustawi wa jamii, siku hiyohiyo ya kulazwa. Familia nyingi hukumbuka ofisi hii siku ya kuruhusiwa, gharama zimeshajazwa, afisa hana barua ya kijiji wala muda wa kuuliza, na mzee anakaa kitandani siku tatu zaidi akisubiri. Afisa atawahoji, atajaza fomu, na faili litawekewa alama ya msamaha kabla ya upasuaji.

Kwa watakaolipa: malipo hupitia kontroo namba. Lipeni kwa simu, wakala au benki, mkapewe risiti. Fedha taslimu mkononi mwa mtu, hata aliyevaa koti jeupe, msitoe. Dawa ikikosekana dirishani, ombeni iandikwe kwa jina lake la asili badala ya jina la kampuni. Famasia ya nje itawapa ya bei nafuu yenye kazi ileile.

Nina malalamiko kuhusu lugha niliyotolewa wodini. Nimwandikie Mganga Mkuu wa Mkoa au Mganga Mfawidhi? Watu wanawachanganya.
*Mwalimu, Tanga*

Mganga Mfawidhi ndiye kiongozi wa hospitali: watumishi, wodi, dawa, fedha zake. Mganga Mkuu wa Mkoa yuko sekretarieti ya mkoa, anasimamia afya ya mkoa mzima. Tangu ilipotangazwa mwishoni mwa 2017 kwamba hospitali za rufaa za mikoa zihamie Wizara ya Afya kutoka TAMISEMI, Mfawidhi anawajibika wizarani.

Anza na muuguzi kiongozi wa wodi siku ileile, maana mengi huishia hapo. Usiporidhika, andika kwa Mfawidhi: tarehe, saa, wodi, maneno yaliyosemwa, nani mwingine alisikia. Barua ya ukurasa mmoja yenye saa na tarehe inafanyiwa kazi. Ya kurasa nne za uchungu inawekwa pembeni. Juu yake kuna namba ya Wizara ya Afya, 199. Kosa la kitaaluma la daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, la muuguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Rushwa ni TAKUKURU, 113. Na muuguzi aliyekutendea wema mwandikie pia. Barua hizo huingia kwenye faili lake.

Sisi tuliosoma sekondari moja hapa Kigoma tumechanga ili tuisaidie hospitali ya mkoa. Wengine wanataka mitungi ya oksijeni, wengine mashine iliyotumika kutoka nje. Tununue nini?
*Katibu wa kikundi*

Msinunue chochote bado. Andikeni barua kwa Mganga Mfawidhi, mweleze kiasi, muombe kikao pamoja na muuguzi mkuu na fundi sanifu wa vifaa tiba. Huyu wa tatu husahaulika, naye ndiye anayejua nini kimelala stoo na kwa sababu gani.

Mitungi kwanza. Mtungi mkubwa una karibu lita 6,800 za oksijeni. Mtu mzima mwenye nimonia kali anayetumia lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na kidogo. Mtoto mchanga wa lita 1 kwa dakika anakaa nao zaidi ya siku 4. Mitungi mitano inaonekana mingi kwenye picha ya makabidhiano, lakini kwa wagonjwa wawili wakubwa huisha kwa siku moja na saa chache. Hospitali kadhaa za mikoa sasa zina mtambo wa kuzalisha oksijeni, unaochuja naitrojeni kutoka kwenye hewa na kutoa oksijeni ya karibu asilimia 93. Penye mtambo, kinachokosekana huwa ni vitu vidogo: vidhibiti mgandamizo, chupa za unyevunyevu, mipira ya pua ya saizi ya watoto wachanga, na vipima oksijeni vya kidoleni. Bila kipimo hicho muuguzi hajui nani anahitaji oksijeni wala nani anaweza kuondolewa, na gesi inapotea kwa aliyekwisha pona.

Mashine iliyotumika kutoka nje tunaiogopa kwa sababu tatu za wazi. Nyingine ni za umeme wa volti 110, zikichomekwa kwenye 230 zinaungua siku ya kwanza. Nyingine zinataka kemikali za kampuni moja isiyo na wakala nchini. Nyingine hazina kitabu cha maelekezo. Mkiletewa, fundi aione kwa picha na namba ya modeli kabla haijapakiwa melini.

Fedha yenu ikiwa ya wastani, ulizeni kuhusu vidhibiti umeme vya kulinda mashine zilizopo, viti vya magurudumu, mashuka, na viti vya kuegemea vya akina mama wanaolea watoto njiti kifuani. Mama hukaa na mtoto hivyo mchana na usiku kwa wiki kadhaa, mara nyingi akiegemea ukuta. Mkikabidhi, kila kifaa kiandikwe kwenye daftari la mali la hospitali kwa namba yake, na mbakishe sehemu ya mchango kwa ajili ya vipuri vya mwaka wa kwanza, fundi akiwa amewapa orodha yake kwa maandishi.